USHURU WA SHABA NA KALAMU YA KARANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme habari za ushuru wa forodha, na hasa jinsi madini yanavyopangwa katika orodha ya ushuru. Madini ni mengi na jioni ni fupi, kwa hiyo nimechagua shaba peke yake. Atakayefahamu mpango wa shaba hatapata taabu nyingi kufahamu mpango wa zinki, risasi wala alumini.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: ushuru hautozwi juu ya jina analolitaja mwenye mali, bali juu ya hali ya kitu chenyewe. Forodha za nchi nyingi hutumia orodha moja ya bidhaa, iliyo chini ya Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels. Mapatano yake yalifanywa mwaka 1983, yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Humo madini ya kawaida, yaani yasiyohesabiwa pamoja na dhahabu na fedha, yamewekwa katika Sehemu ya 15, tangu mlango wa 72 hata mlango wa 83. Mlango wa shaba ni wa 74. Tarakimu 6 za kwanza za kila kitu ni sawa katika nchi zote zinazofuata orodha hiyo. Zile zinazoongezwa mbele yake, kila nchi au jumuiya ya nchi hujiwekea.

Tazameni sasa jinsi shaba inavyohama. Shaba iliyosafishwa, ambayo haijafuliwa wala kuvutwa, ni 7403. Ikivutwa ikawa waya, ni 7408. Waya nyingi zikisokotwa pamoja kama kamba, ni 7413. Waya hiyo hiyo ikivikwa plastiki ili umeme usimdhuru mtu, hutoka kabisa katika mlango wa shaba ikaenda 8544, pamoja na vyombo vya umeme. Bamba lenye unene unaozidi milimita 0.15 ni 7409, na lile jembamba lisilozidi kipimo hicho ni 7410. Bomba ni 7411. Dele la kahawa ni 7418. Na kama dele hilo ni la shaba ya manjano, je? Hiyo ni shaba iliyochanganywa na zinki, na kanuni yasema kwamba mchanganyiko huhesabiwa kuwa wa madini yale yaliyo mengi zaidi kwa uzito. Maadamu shaba imezidi, dele hubaki katika mlango wa 74.

Hapa pana mitego miwili. Mtego wa kwanza ni wa mabamba. Shaba inayotoka katika kiwanda cha kusafishia huitwa katodi, nayo ni bapa kama bamba. Karani akiisoma hati ya mali na kuona neno bamba, huenda akaandika 7409, na kumbe kitu hicho ni shaba ghafi ya 7403. Mtego wa pili ni wa vyakavu, 7404. Chakavu ni kile kilichovunjika, kilichokatwa au kilicholika hata hakiwezi tena kutumika kwa kazi yake. Mabomba mazima hayawi vyakavu kwa sababu mwenye mali ameandika hivyo.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru wa pamoja ulianza mwaka 2005 kwa ngazi tatu: mali ghafi bure, vitu vilivyotengenezwa nusu 10 kwa mia, na vitu vilivyokamilika 25 kwa mia. Tangu Julai 2022 imeongezwa ngazi ya nne, 35 kwa mia, kwa baadhi ya vitu vinavyoweza kutengenezwa humu humu. Baadhi ya vitu vya chuma ni miongoni mwake. Tena viko vitu vichache vyenye viwango vya peke yake, na kila mwaka gazeti la Jumuiya hutangaza ruhusa walizopewa wanachama.

Tufanye hesabu. Mzigo uliokuja kwa meli, thamani yake pamoja na bima na nauli ni shilingi 10,000,000. Kwa 10 kwa mia, ushuru ni 1,000,000. Kwa 25 kwa mia, ni 2,500,000. Tofauti ya shilingi 1,500,000 imetokana na mstari mmoja wa kalamu, nayo huzidi kukua, maana kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru wenyewe.

Nani huumia? Karani akiiandika mali ghafi kuwa kitu kilichokamilika, fundi wa mjini hununua shaba kwa bei ya juu, na chombo chake hushindwa sokoni na kile cha kigeni. Akiandika kinyume chake, hazina hupungukiwa, na fundi yule yule huumia tena, kwa kuwa kitu cha kigeni kimepita kwa ushuru mdogo.

Jambo hili laonekana hata katika mashauri ya mataifa makubwa. Tarehe 1 Agosti 2025 Marekani ilianza kutoza 50 kwa mia juu ya mabomba, waya, fito na mabamba ya shaba, lakini mawe ya shaba, katodi na vyakavu havikutiwa. Kongo na Zambia huuza nje shaba nyingi, na sehemu yake kubwa haijawa waya wala bomba. Basi kwa mpango ule, aliyeuza shaba ghafi aliachiwa njia, na aliyetaka kuifanyia kazi kwanza kwao alikuta mlango mzito.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kuandika tarakimu tuulize maswali matatu: kitu hiki kimefanywa kwa madini gani yaliyo mengi zaidi? Kina umbo na unene gani? Kimekwisha kufanyiwa kazi kiasi gani? Asiyeweza kujibu na aende ghalani akakitazame na kukipima, wala asitosheke na hati. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kalamu ya karani ndiyo ulimi wake.