Mshahara Una Milango Miwili

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi letu, Isiolo. Yachapwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya chakula tunachonunua. Najua wako wanaojiuliza: habari za sufuria zinaingiaje katika mkutano wa chama cha wafanya kazi? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

Mshahara una milango miwili. Mmoja ni wa kuingilia na mwingine ni wa kutokea. Mlango wa kuingilia tunaulinda pamoja. Tunakaa mezani na mwajiri, tunahesabu, tunabishana, na ikibidi tunagoma. Lakini mlango wa kutokea kila mtu ameachiwa aulinde peke yake. Naye huenda dukani jioni, amechoka, hana mizani, hana hesabu, na mara nyingi hana hata fedha mkononi. Nyongeza ikipatikana mezani kisha ikapotea dukani, mwajiri ameilipa nasi hatukuipata.

Tena, haki hizi ni ndugu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya kuingia katika chama cha wafanya kazi. Kifungu cha 43 chasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha na kizuri. Kifungu cha 46 chamlinda mnunuzi asiuziwe vitu vibovu. Mtu hawezi kudai kifungu kimoja akavisahau viwili.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba mfanya kazi ni maskini kwa sababu hajui kununua. Mshahara mdogo ni mdogo, wala hakuna namna ya kununua maharagwe itakayoufanya kuwa mkubwa. Madai yetu yabaki pale pale. Lakini kilicho chetu tayari, kwa nini tukiache kivuje?

Mimi kazi yangu ni upishi. Kazini sitoi kibaba cha unga bila kukiandika. Nyumbani kwangu nilikuwa nikinunua kama mtu asiyejua kusoma. Siku moja ya mshahara, mimi na mke wangu tulifungua kitabu cha deni cha dukani. Tuliona kwamba karibu nusu ya mshahara ilikuwa imekwisha kuliwa kabla haijafika. Mke wangu akaniuliza neno moja tu: "Na tulikula nini?" Tukasoma kurasa zile. Sukari ya shilingi 20, mafuta ya shilingi 20, mkate, soda, sukari tena. Maharagwe hayakuonekana hata mara moja. Na mwezi ule ule kliniki ilikuwa imetuandikia kwamba uzito wa mtoto wetu mdogo hautoshi. Tulikuwa tumelipa fedha nyingi ili mtoto wetu akonde. Ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa leo.

Jambo la kwanza ni vipimo vidogo. Sote twajua ununuzi wa kadogo. Chukueni mfano huu wa hesabu tu, maana bei hubadilika. Tuseme lita 1 ya mafuta ni shilingi 300, na kipimo cha shilingi 20 kina mililita 50. Ukinunua vipimo 20 umepata lita ile ile, lakini umelipa shilingi 400. Shilingi 100 zimekwenda, nawe hukuonja hata tone zaidi. Simlaumu mwenye duka, kwa maana naye ana kodi na deni. Wala simlaumu mwenye shilingi 20, maana hawezi kununua kwa 300 asizokuwa nazo. Dawa yake iko mbele, nitaieleza.

Jambo la pili ni gorogoro. Gorogoro la mahindi au maharagwe twalihesabu kuwa kilo 2. Lakini liangalieni kitako chake. Likiwa limebonyezwa kuingia ndani, yaweza kupungua robo kilo. Ukinunua magorogoro 8 ya namna hiyo umepoteza kilo 2, yaani gorogoro zima. Sheria ya Vipimo na Mizani yataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Nunueni kwa kilo, palipo na mizani yenye muhuri, na mwombe kuiona imesimama sifuri kabla ya kupimiwa. Ukiomba kwa adabu, muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Jambo la tatu ni unga. Mahindi yakikobolewa sana, ngozi na kiini huondoka, na humo ndimo mlimo vitamini nyingi, na madini ya chuma na zinki. Unga huwa mweupe, wapendeza macho, lakini mwili umepunjwa. Unga wa pakiti, tangu mwaka 2012, sheria yataka uongezwe vitamini na madini. Basi ukinunua wa pakiti tazama alama ya ubora na tarehe. Ukisaga mwenyewe, saga mahindi mazima bila kukoboa. Lakini unga huo haukai sana, kwa kuwa kiini kina mafuta ambayo huchacha, na joto la Isiolo mwalijua. Kwa hiyo nafaka nunueni nyingi, unga sageni kidogo kidogo, wa wiki moja au mbili.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote, maana laua. Ni mahindi yenye ukungu. Mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haifi kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, na ukisaga umeificha tu. Mahindi ya bei ya chini sana, yenye harufu ya uvundo au rangi ya kijani na kijivu, hayo si rahisi, ni ghali mno. Wala msiseme, "Basi tutawapa mbuzi." Mnyama akila, sumu huingia katika maziwa, na maziwa yanarudi kwa mtoto yule yule.

Kujua kama mahindi yamekauka, fanyeni hivi. Tieni chumvi kavu katika chupa kavu, ongezeni konzi ya mahindi, tikiseni vizuri, kisha acheni kwa robo saa. Chumvi ikinata pembeni mwa chupa, mahindi yana maji, hayafai kuwekwa. Yakiwa makavu, wekeni gunia juu ya mbao, mbali na ukuta, wala si juu ya sakafu.

Jambo la tano ni kitoweo. Sisi wa Isiolo tumekaa mahali pa baraka. Upande mmoja Meru yatuletea maharagwe, ndizi, sukuma wiki na viazi vya Kibirichia, na Tharaka yatuletea ndengu. Upande mwingine wafugaji watuletea mbuzi, ngamia na maziwa. Hata hivyo wako kati yetu wanaokula ugali na chai kuanzia tarehe 20 mpaka mwisho wa mwezi, wakisema nyama haishikiki. Ni kweli nyama ni ghali. Lakini mahindi na maharagwe vikiliwa pamoja hukamilishana, maana kile kinachopungua katika protini ya kimoja kimo katika kingine. Maharagwe yaloweshwe usiku kucha, maji yamwagwe, nayo yataiva upesi na kuokoa makaa.

Nyama ikinunuliwa, iwe na muhuri wa mkaguzi. Na akina mama wa Kiborana na wa Kisomali watufundishe sisi wengine nyirinyiri, ile nyama ya kukatwa vipande vidogo, kukaushwa na kukaangwa ikahifadhiwa katika mafuta. Ni hekima ya watu waliokuwa wakihifadhi nyama kabla friji haijaonekana katika nchi hii. Maziwa ya ngamia ni chakula bora, tena yana vitamini C kuliko ya ng'ombe. Lakini yachemsheni. Najua wengi hupenda kuyanywa mabichi, lakini ugonjwa wa brusela umo katika maziwa mabichi, na humlaza mtu miezi bila kwenda kazini.

Jambo la sita ni sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asipite gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko vidogo 12, na nusu ya hiyo ni bora zaidi. Hesabuni sasa. Vikombe 4 vya chai, kila kimoja vijiko 3, tayari ni 12. Ukiongeza soda ya nusu lita, umekaribia kukizidisha kipimo mara mbili. Sisemi chai iachwe, ningefukuzwa mkutanoni. Nasema punguzeni kijiko kimoja mwezi huu na kingine mwezi ujao, na fedha za soda zinunue machungwa au mayai.

Jambo la saba ni kutupa. Umoja wa Mataifa ulitoa hesabu kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na katika kila tani 100 tani 60 zilitupwa majumbani. Huenda mkasema hao ni matajiri wa Ulaya. Tazameni mapipa yetu kwanza. Sisi tulioona mvua zikikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 mpaka 2022, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika kaunti kame, twamwaga wali kwa sababu ulichacha usiku. Katika joto letu chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Basi tupike kwa kipimo. Nyanya za jioni ni rahisi, lakini zinunue ukijua utazipika usiku ule ule. Kunde zikizidi, zikausheni kivulini. Andikeni mnachohitaji kabla ya kwenda sokoni, wala msiende na njaa. Na chukueni kikapu chenu, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Sasa nafika kwenye dawa niliyoahidi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, wafumaji na mafundi 28 walichoka kuuziwa vyakula vya kuchanganywa na uchafu, kwa mizani ya uongo na kwa deni lisilokwisha. Wakachanga kila mtu pauni moja, wakafungua duka lao kwa vitu vichache tu: unga, siagi, sukari na mishumaa. Kanuni zao zilikuwa vipimo vya haki, vitu safi, na kununua kwa fedha taslimu tu. Faida waligawana kwa kadiri ya mtu alivyonunua. Duka lile dogo likawa mfano kwa ushirika wa dunia nzima.

Wala tusiende mbali hivyo. Hapa Isiolo akina mama wa ushirika wa Anolei waliunganisha maziwa yao ya ngamia, na maziwa hayo husafiri kwa basi mpaka Nairobi. Mama mmoja na mtungi wake asingefika huko. Walichofanya wao katika kuuza, sisi twaweza kufanya katika kununua.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naleta maombi matatu mbele ya mkutano huu.

Kwanza, nyumba kumi kumi ziungane. Siku ya mshahara, kabla fedha hazijaguswa, kila nyumba itoe kiasi kilichokubaliwa, tununue kwa pamoja gunia la mahindi la kilo 90, maharagwe na mafuta, tugawane kwa mizani mbele ya wote. Fedha zishikwe na watu wawili, na risiti zisomwe kwa sauti.

Pili, tawi linunue mizani moja, ipigwe muhuri, na mwanachama ye yote aweze kuitumia kujipimia alichouziwa.

Tatu, ikiwa mwanachama ye yote analazimishwa kununua katika duka fulani la mwajiri wake, alete habari kwa Katibu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumlazimisha mfanya kazi atumie mshahara wake mahali fulani.

Haya hayatatutajirisha. Nyumbani kwangu tulihitaji miezi mitano kulimaliza deni la kitabu kile, na miezi miwili ya kwanza ilikuwa michungu, maana tulilipa la zamani huku tukinunua kwa fedha. Lakini sasa maharagwe yamo jikoni mpaka tarehe 30, na kadi ya kliniki ya mtoto mstari wake unapanda. Mshahara wangu haujaongezwa hata senti, na hilo, Bwana Katibu, sijalisahau. Tutakapokaa tena mezani na mwajiri, tukae tukiwa tumeshiba, na tukiwa na hesabu zetu mkononi.

Umoja ni nguvu.