Unga wa Mihogo na Sumu Yake
Unga wa mihogo unakamata maji mbio, uji na bugali vinakuwa vizito. Lakini mihogo michungu iko na sumu. Inafaa kulowekwa siku 3, halafu kuanikwa. Hapa Kanyaruchinya, juu ya mawe ya volkano, maji ni shida. Wengine wanaitoa siku ya kwanza. Nawaelewa. Lakini konzo inakaza miguu ya mtoto kwa ghafula, na haiponi.

Kama una mashaka na unga, uloweshe kwa maji kidogo, uutandaze, unene usipite sentimeta 1, masaa 2 juani ao masaa 5 kivulini. Sumu inatoka na hewa. Pika siku ile ile. Konzo inapata zaidi wenye kula mihogo mitupu; tia maharagwe ao sambaza, hata kidogo.