Wanaume wetu, saratani, na hesabu isiyokamilika

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wazee wa vijiji, wahamasishaji wa afya ya jamii na wakazi, Msambweni. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Naibu wa chifu ameniomba nimalize kabla ya adhuhuri, kwa hivyo sitazunguka sana.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Kazi yangu ni kuandika habari za kaunti. Miezi kadhaa iliyopita nilitaka kuandika makala fupi kuhusu wanaume wanaofariki kwa saratani, nilinganishe Kwale na nchi nzima. Nikaomba takwimu, nikaletewa jedwali, nikaona mstari wetu ni mfupi. Nilifurahi. Nikaandika kichwa cha habari kwamba wanaume wa Kwale wako salama kuliko wenzao. Kabla sijaipeleka kuchapishwa nilimwonyesha karani mmoja wa rekodi za afya, mama ambaye amebakisha muda mfupi kustaafu. Alisoma, akavua miwani, akaniuliza: "Mwanangu, hawa ni waliokufa, ama ni waliokufa mbele yetu?"

Makala ile sikuichapisha. Haya ninayowaambia leo ndiyo niliyoyapata baada ya swali hilo.

Tuanze na nchi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya 44,726 wa saratani, na watu 29,317 walifariki, wake kwa waume. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, na kati yao watu wa Kwale walikuwa 866,820. Yaani katika kila Wakenya mia moja, karibu wawili ni wetu. Kama saratani inatuua kwa kiwango kile kile cha nchi, basi Kwale inapoteza watu wapatao 530 kila mwaka. Wanawake ni wengi zaidi katika vifo hivyo kwa sababu ya saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi, lakini wanaume hawawezi kukosa kuzidi mia mbili. Hao ni wanne kila wiki.

Hapa sharti niwe mkweli, maana hesabu hii ina shimo. Saratani nyingi huja na umri, na Kwale ni kaunti ya watoto na vijana kuliko wastani wa nchi. Ukichukua boma lenye watoto kumi na mzee mmoja ukalilinganisha na boma lenye wazee watano, lile la kwanza litaonekana halina maradhi, kumbe halina wazee. Ndiyo maana wataalamu hawalinganishi kaunti na kaunti hivi hivi. Hulinganisha umri kwa umri, mzee wa miaka 65 wa Kinango na mzee wa miaka 65 wa Nyeri. Basi tupunguze. Toa robo, toa hata thuluthi kwa ajili ya ujana wetu. Bado ni majeneza mawili au matatu ya wanaume kila wiki katika kaunti hii. Kila mzee aliyeketi hapa ajiulize: mwaka huu umehudhuria maziko mangapi ya wanaume, na ni mara ngapi ulisikia neno saratani likitajwa?

Mimi nilihudhuria ya mjomba wangu. Wadigo mnajua uzito wa mjomba, sina haja ya kueleza. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akienda msalani kila baada ya nusu saa, na mkojo ulikuwa na damu. Alisema ni mshipa. Akapewa dawa za mitishamba, damu ikakoma wiki mbili, akasema amepona. Ikarudi. Tulipomfikisha hospitalini hakuwa na nguvu ya kukaa kitako, tukaambiwa avuke Likoni apelekwe Hospitali Kuu ya Pwani. Akakataa, akataka kurudi nyumbani. Alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, tukamzika siku hiyo hiyo baada ya sala, kama inavyotakiwa. Siku tatu baadaye nilikwenda kwa naibu wa chifu kuandikisha kifo. Kwenye nafasi ya sababu paliandikwa "uzee". Alikuwa na miaka 61.

Simlaumu naibu wa chifu yule. Mtu akifia hospitalini, daktari hujaza fomu iitwayo D1. Akifia nyumbani, fomu ni D2, na anayeijaza ni naibu wa chifu, ambaye si daktari. Huandika anachoambiwa na jamaa. Sisi jamaa ndio tuliosema mzee alikuwa amechoka tu. Na hiyo ni pale ambapo fomu imejazwa kabisa. Ripoti za Shirika la Taifa la Takwimu miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba takriban nusu tu ya vifo nchini ndivyo vinavyosajiliwa. Mahali ambapo maiti hailazwi mochari na maziko hayangoji kibali, nusu hiyo hupungua kwa urahisi sana.

Kwa hivyo mstari wetu mfupi kwenye jedwali haukuwa habari njema. Ulikuwa ni wanaume waliofia mbali na kalamu.

Sasa kuna jambo la pili, na kwangu hili ndilo lililoninyima usingizi. Takwimu za nchi zinatoka wapi? Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuhesabu wagonjwa. Makadirio hujengwa juu ya rejista za saratani, na zile kongwe nchini ni mbili: ya Eldoret iliyoanza 1999 na ya Nairobi iliyoanza 2001. Ni kazi nzuri ya watu wavumilivu. Lakini Eldoret na Nairobi ziko bara, kwenye nyanda za juu. Kwa wanaume wa Kenya, saratani zinazotajwa mwanzo ni ya tezi dume na ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ya umio ni janga la Bonde la Ufa na magharibi, watu wa Bomet wanaijua kama sisi tunavyoijua malaria. Ukisoma orodha hiyo ukiwa Msambweni unaweza kudhani ndiyo orodha ya kwako. Huenda sivyo, kwa sababu sisi tuna kitu ambacho Eldoret hawana kwa kiwango chetu. Tuna kichocho.

Nilikulia karibu na bwawa, upande wa Kinango. Tulioga humo, tukanywesha mbuzi humo, mama zetu wakafulia humo. Tulipokuwa darasa la nne hivi, mvulana akikojoa damu tulimcheka na kumpongeza kwa pamoja, eti ameanza kuwa mwanamume. Mimi mwenyewe nilikojoa damu. Wangapi hapa waliwahi kuambiwa hivyo? Naona mikono ya wazee. Asanteni, msiishushe haraka.

Ile haikuwa dalili ya kubalehe. Ni mdudu. Hutoka kwenye konokono wadogo wa majini, huingia kwa ngozi ukiwa umesimama tu kwenye maji, halafu huishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, akitaga mayai miaka na miaka. Mayai yale hukwama katika kuta za kibofu na kuzitia makovu. Watafiti wamekuwa hapa Msambweni tangu miaka ya 1980 wakichunguza jambo hili. Picha walizopiga zilionyesha vibofu vilivyonenepa kuta na kuota uvimbe hata kwa watoto wa shule. Na mwaka 1994 shirika lile lile la saratani nililolitaja liliingiza mdudu huyu wa kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na sigara. Saratani yenyewe ni ya kibofu.

Tafadhali msinielewe vibaya. Aliyewahi kuugua kichocho hajahukumiwa. Wengi hawatapata saratani hata kidogo. Lakini mtoto wa miaka kumi aliyechunguzwa hapa mwaka 1984 sasa amevuka hamsini, na huo ndio umri ambao kibofu kilichojeruhiwa utotoni huanza kudai deni lake. Ndugu zetu Wamisri walipitia njia hii. Kwa miaka mingi saratani ya kibofu ilikuwa ya kwanza kwa wanaume wa Misri, kwa sababu ya kichocho cha mto Nile. Walipotibu kichocho kwa wingi, saratani ile nayo ikapungua.

Na hapa sisi waandishi tuna dhambi yetu. Katika magazeti na redio tumekuwa tukiita saratani ya tezi dume "saratani ya kibofu", au "tezi kibofu", kana kwamba ni kiungo kimoja. Si kimoja. Kibofu ni mfuko wa mkojo, wanaume na wanawake wanacho. Tezi dume ni ya wanaume pekee, iko chini ya kibofu, na ikivimba hubana njia ya mkojo. Mzee akimwambia naibu wa chifu au mhamasishaji kwamba ndugu yake alikufa kwa "kansa ya kibofu", hakuna anayejua ni ipi. Tumechanganya ugonjwa unaoongoza nchini na ugonjwa ambao pengine ni wetu zaidi, kwa neno moja. Kuanzia toleo hili jarida litatofautisha.

Je, mwanamume wa Kwale afanye nini? Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, hata ikikoma yenyewe, nenda ukapimwe. Kukoma kwa damu ndiko kulikomdanganya mjomba wangu. Dawa ya kichocho ipo na ni vidonge vya siku moja tu, lakini inaua mdudu, haiponyi saratani. Kwa hivyo mtu mzima anayeendelea kutoa damu baada ya vidonge asiridhike, aombe kibofu kipigwe picha. Mkojo ukitoka kwa kukatika-katika au ukiamka usiku mara nne tano, hapo tunafikiria tezi dume. Aliyefika hamsini azungumze na daktari kuhusu kipimo cha damu cha tezi, na ambaye baba yake au ndugu yake aliugua asingoje hamsini.

Mengine nitayapita haraka kwa sababu ya saa. Kidonda mdomoni kisichopona wiki tatu, na hasa kwa wanaotafuna tumbaku au uraibu, kisipakwe asali kikaachwa. Sigara huharibu kibofu pia, si mapafu pekee. Mahindi yenye ukungu yasiliwe wala yasipewe kuku, maana sumu yake huenda kwenye ini. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingia katika chanjo za watoto wachanga Kenya mwaka 2001, kwa hivyo wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata. Ulizeni. Na mjiandikishe SHA mkiwa wazima. Kujiandikisha mgonjwa akiwa kitandani ni mateso, nimeyaona.

Kina mama, nawaomba kitu kimoja. Ninyi ndio mnaojua ni nani anaamka usiku. Yeye hatasema. Mwambieni mhamasishaji wa kijiji chenu, atakuja kama anapita njia.

Na wazee wa vijiji, ombi langu kwenu ni gumu zaidi. Mwanamume akifariki nyumbani, maziko yaendelee kama dini na mila zinavyotaka, hakuna anayeyazuia. Lakini baada ya matanga kuanza, mmoja wenu aende na jamaa kwa naibu wa chifu, akiwa na karatasi zozote za hospitali zilizobaki kwenye mkoba wa marehemu. Kama hakuna karatasi, waeleze alivyougua: damu kwenye mkojo, au kushindwa kumeza, au tumbo kuvimba upande wa kulia, na ilichukua miezi mingapi. Naibu wa chifu aandike hayo, asiandike uzee. Najua wapo wanaoona ni aibu kutaja maradhi ya sehemu za siri za marehemu. Fomu haisomwi msikitini. Lakini kaunti inapopanga daktari wa njia ya mkojo akae wapi, au mashine ya picha iwekwe wapi, inaangalia karatasi hizo. Kijiji chenye wazee kumi "waliozeeka" hakipangiwi kitu.

Mzee mmoja alinishika mkono nilipokuwa nikiingia, akaniuliza kama mimi mwenyewe nimepimwa au nimekuja kusoma tu. Nimepimwa, baba. Damu haikuonekana, ila nimeambiwa nirudi kila mwaka kwa ajili ya lile bwawa la Kinango. Wahamasishaji wameketi pale chini ya mwembe na chupa za mkojo. Choo kiko nyuma ya ukumbi, na wametenga mlango wa wazee ili msipange foleni na vijana. Maswali nitayachukua sasa, yule mzee mwenye kofia nyeupe aanze.