Jumla Ni Ngapi?

Neno la katibu wa kwaya katika ibada ya shukrani ya Jubilii ya miaka 50



Historia ya kwaya mtaisoma kwenye kijitabu. Dakika nilizopewa nataka kuzitumia kuungama jambo moja ambalo naamini linatuhusu sote.

Mwaka juzi nilikuwa na simu nzima. Ilipiga, ilipokea, ilituma pesa. Kisha nikaona tangazo barabarani: kijana anacheka na simu mpya mkononi, na chini yake maandishi makubwa, "Shilingi 60 tu kwa siku." Simu yangu haikuwa imebadilika, lakini kuanzia siku ile niliona aibu kuitoa mkobani.

Kwa wakala niliambiwa ofa inaisha jioni hiyo. Nikatoa malipo ya kwanza, shilingi 2,000, nikatia sahihi. Mimi ni mwalimu. Kila siku nafundisha watoto kuzidisha, lakini siku hiyo sikuzidisha. Sitini mara siku 365 ni shilingi 21,900. Ongeza zile 2,000, unapata 23,900. Duka la pili kutoka hapo, simu hiyo hiyo iliuzwa taslimu kwa 13,000.

Mwezi wa tatu nilikosa kulipa siku mbili. Simu ikajifunga Jumamosi, saa ya mazoezi, ikiwa na picha za nyimbo zote tulizokuwa tukijifunza. Na kuna lililoniuma zaidi. Daftari la michango ya jubilii nalishika mimi. Niliwakumbusha wengine walipe, na mbele ya jina langu palikuwa patupu kwa miezi minne.

Mama mmoja wa sauti ya pili aliliona hilo. Hakunisema mbele ya watu. Alinivuta kando akauliza kuna shida gani, nami nikamweleza habari ya shilingi 60 kwa siku. "Mwanangu, sikuulizi ya siku," akasema. "Jumla ni ngapi?"

Wapendwa, ujanja huu si mgeni. Edeni kulikuwa na miti mingi na chakula tele. Nyoka alianza kwa kumfanya Hawa aone kwamba Mungu amemnyima kitu. Matangazo mengi hufuata njia hiyo: kwanza hukuonyesha upungufu ambao jana hukuujua, kisha hukuuzia dawa yake, tena hukuharakisha usije ukahesabu. Lakini Yesu, katika Luka 14, anasema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza, akapiga hesabu ya gharama. Anayekunyima nafasi ya kuketi, jihadhari naye.

Sisemi biashara ni dhambi. Wengi wetu tunaishi kwa biashara, na sadaka nyingi za kanisa hili zimetoka sokoni. Hata Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inadai sheria ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya heshima. Basi muuzaji Mkristo amtajie mteja jumla kabla hajaulizwa.

Walawi 25 inatueleza jubilii ni nini. Mwaka wa hamsini baragumu lilipigwa, aliyepoteza shamba akarudishiwa, aliyejiuza kwa sababu ya umaskini akaenda kwao huru. Ingekuwa ajabu sisi tuingie mwaka wetu wa hamsini kwa kujifunga upya.

Ndiyo maana mfanyabiashara alipotuletea sare mpya kwa mkopo, ofa ikiisha Ijumaa, niliinua mkono mkutanoni nikauliza swali la yule mama. Tulipiga hesabu pamoja, tukakataa. Sare mnazoziona leo ni zile zile, zimefuliwa na kupigwa pasi. Kola zimechakaa kidogo, lakini hakuna anayetudai.

Nami simu nimemaliza kuilipa, na kwenye daftari jina langu sasa lina alama. Asante, Mama. Unajijua.

Mungu awabariki. Waimbaji, tusimame tuimbe.