Mageuzi ya Moyo na Ushahidi Wake



Ipo hoja iliyozoeleka mno katika semina zetu, nami jioni hii sitaiacha ipite. Inadai kwamba toba ya hadharani ya ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki ilikuwa njia ya vijana wasio na sauti kujipatia heshima kanisani, na kwamba yaliyotokea mioyoni mwao hayamhusu mtafiti. Historia yenyewe mnaijua: vuguvugu hilo la Kikristo lilichipukia Gahini, Rwanda, likihusishwa na Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, kisha likaenea Uganda, Kenya na Bukoba mkoani Kagera, Tanzania. Siirudii.

Heshima gani? Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Uamsho waliokuwa wakisomea ukasisi walifukuzwa chuoni Mukono, Uganda, kwa kuwa hawakukubali kuacha sala na mahubiri yao ya alfajiri. Miaka ya 1950, katika Kenya ya Kati, ndugu wengi waliokataa kiapo cha Mau Mau walikataa pia kubeba silaha za serikali. Pande zote mbili zikawashuku, na baadhi yao waliuawa. Mwenye kutafuta cheo haendi kukitafuta hapo.

Nilipokuwa mtoto huko Kagera, karani wa mizani ya kahawa aliyekuwa ameokoka alikuja kwetu na nusu gunia la kahawa ya maganda. Alimwambia babu, mbele ya bibi na sisi wajukuu, kwamba kwa misimu kadhaa alikuwa akichezea mizani, na kwamba kilo alizomwibia ndizo hizo. Babu hakulia wala hakumkumbatia. Alilipima gunia mwenyewe, akasema bado hazijatimia. Karani akaondoka, akarudi na zilizobaki. Faida aliyoipata kijijini ni kuitwa mwizi na watu ambao hawakuwahi kumshuku.

Pingamizi zito kuliko hoja hiyo ya heshima ni Rwanda. Uamsho ulichipukia huko, na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, waumini waliuawa hata ndani ya makanisa, wakati mwingine kwa mikono ya waumini wenzao. Wapo waliokufa kwa kukataa kutenganishwa na ndugu zao wa kabila jingine, lakini ushujaa wao haulifuti swali la kama mioyo ilibadilika kweli. Nimelipima kwa muda mrefu. Naamini kwamba wokovu unaorithiwa kama jina la ukoo, usiorudi tena kwenye toba, hauna nguvu ya kuuzuia mkono ulioshika panga.

Ndiyo maana siachi kukirudia kitabu kidogo cha Askofu Festo Kivengere cha mwaka 1977, I Love Idi Amin, yaani “Nampenda Idi Amin”. Kivengere aliokoka mwaka 1941, akafundisha shule Dodoma, baadaye akawa Askofu wa Kigezi. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, kuuawa chini ya utawala wa Amin, yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu kuingia Rwanda. Jina la kitabu limewakwaza wengi, wakadhani ni ulaini wa mtu aliyekwisha kufika salama. Wasome kurasa zenyewe. Anasimulia alivyoketi kanisani London siku ya Ijumaa Kuu, na jinsi msamaha wa Yesu kwa waliomsulubisha ulivyomfichulia chuki aliyomwekea Amin. Anayeungama hapo ni askofu, mhubiri aliyezunguka mataifa, miaka 36 tangu aokoke! Wala hakugeuka mtetezi wa Amin. Kitabu hichohicho kinayaanika maovu ya utawala wake. Anayeona humo siasa tupu ameishia kwenye jalada.

Nashikilia basi kwamba mageuzi ya ndani huendelea maisha yote, na yanachunguzika. Shahidi wake bora ni yule aliyedhulumiwa kisha akarudishiwa. Wanafunzi wangu, wazee wanaoyakumbuka hayo wanapungua. Nendeni Kagera, Kigezi na, kule Kenya, Kabete. Msiishie kwa waliookoka. Waulizeni majirani zao walidhulumiwa nini, walirudishiwa nini, na kama baada ya hapo walimwamini tena aliyewadhulumu.