Nguzo za Vibao vya Vyama Vyetu

Maneno ya Katibu mbele ya wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Walionitangulia wamekwisha kueleza habari za mizani, malipo na maghala. Mimi nitasema juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni nguzo zinazobeba vibao vya vyama vyetu vya msingi. Kibao humwonyesha mkulima penye mizani ya chama chake, na dereva wa lori njia ya ghalani. Kikianguka wakati wa mavuno, anayefurahi ni mlanguzi aliyeketi kando ya barabara. Tena kila nguzo mpya hulipwa kwa fedha ya wanachama.

Nguzo huoza kwanza pale inapokutana na uso wa ardhi, kwa kuwa hapo unyevu na hewa huwa pamoja, na mchwa nao hupitia hapo. Basi yafaa nguzo ichaguliwe kwa kuutazama mguu wake.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua mti ulio mgumu kwa asili yake, kama mvule, mninga, mkongo au msaji. Lakini uimara wake umo katika kiini tu. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huliwa upesi, hata mti uwe mzuri namna gani. Anayepokea mti na atazame ncha zake, aukatae wenye weupe mwingi. Kadhalika adai hati za kibali cha kuvunwa kwake.

Njia ya pili ni nguzo ya mkaratusi au msonobari iliyotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo. Dawa hiyo huingia katika weupe wa nje, wala haipenyi vema kiini. Kwa hiyo ncha ya chini isikatwe kamwe. Ikibidi kupunguza urefu, ikatwe ya juu. Vipande vyake visipelekwe jikoni, maana dawa nyingi za namna hiyo zina aseniki, nayo ni sumu.

Nguzo ya mita 3 ifukiwe sentimita 75 hivi. Kokoto zitangulie shimoni, ili maji yapate pa kupita. Udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka, uinuliwe kuzunguka mguu ili mvua isituame. Kilele kikatwe mshazari. Matundu ya skrubu yatobolewe kabla ya kupaka rangi, na mti uwe umekauka, kwani rangi juu ya mti mbichi hubambuka. Rangi hukinga jua na mvua, mchwa haiwazuii. Oili chafu ya magari isitumiwe, kwa kuwa huharibu udongo.

Mwisho, naomba kila chama kimteue mjumbe mmoja ambaye kila mwaka, kabla ya masika, atafukua kidogo penye mguu wa nguzo na kuuchoma kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, nguzo hiyo imekwisha, hata kama juu rangi yang'aa. Heri kuibadilisha siku hiyo kuliko kuiokota barabarani katikati ya msimu.

Wazee husema rahisi ni ghali. Jina la chama chetu tulilojenga kwa miaka 10 lastahili mti wa kulibeba.