Mtoto Yuko na Wenzake

Katika Luka mlango wa 2 twasoma kwamba Yusufu na Mariamu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yumo msafarani. Alikuwa na miaka 12. Walimwona baada ya siku tatu.

Kwetu huku, kati ya Kitale na Bungoma, wazazi twadhani vivyo hivyo. Shule zikifungwa mwezi wa Agosti au Desemba, jioni kijana huaga: "Naenda matangani." Nani atamkataza mtoto kuwafariji wafiwa? Lakini usiku wa manane wazee wamesinzia kando ya moto, na uwanjani jenereta yanguruma, muziki umepamba. Ndiyo disko matanga. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi. Hunyamaza kidogo, kisha huanza tena. Na wasichana wangapi wameacha masomo kwa sababu ya usiku mmoja kama huo!

Mimi mwenyewe nilimpa mwanangu tochi aende. Saa nane za usiku nikamfuata, nikamkuta huko. Njiani nilimkemea sana. Akasema, "Baba, kanisani vijana twaambiwa tunyamaze. Kule wananiita kwa jina."

Sikuwa na jibu, nami ni mzee wa kanisa.

Jumamosi iliyofuata tulisogeza viti vya sebuleni, mke wangu akapika chai na kuchemsha mahindi. Wakaja vijana watano. Wawili sikuwajua majina, nikawauliza.